Kamba ya Mjomba Gati

Mama alipolazwa, daktari alimwuliza kama yuko tayari kupasuliwa. Mama akajibu kwamba yuko tayari hata kesho, ila kwanza anataka kumwona mdogo wake. Daktari akasema hilo halina tabu, huyo mdogo wake aitwe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu kwa maumivu.

"Huyo haitwi," akasema. "Huyo anafuatwa."

Wa kumfuata nikawa mimi, kwa sababu mdogo wangu wa kike ndiye mwenye subira ya kukaa na mgonjwa, mimi sina. Mimi ni dobi. Nina kibanda changu cha kufulia na kupiga pasi, na wateja wangu husema mdomo wangu una moto kuliko pasi yenyewe. Sijawahi kubisha. Huo mdomo ndio mama alioutaka siku ile. Akanishika kiganja, akanivuta karibu na mto. "Nenda wewe," akaniambia. "Na safari hii sitaki ndimu. Mlete mwenyewe, na usirudi bila yeye."

Ndimu zilikuwa hivi. Mama alizaliwa kwenye kisiwa kidogo ambacho ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakuombea afya. Mdogo wake alibaki huko, na kazi yake ilikuwa kudaka kamba ya boti inapofika gatini. Kwa kuwa hakuonekana popote pengine, watu walimwita Gati, nasi tukamwita Mjomba Gati. Mama alipoolewa, mjomba hakuja, alituma gunia la ndimu. Nilipozaliwa mimi, ndimu. Baba yetu alipofariki, baharia akabisha hodi na gunia begani. Kila mara mama alifungua lile gunia, akachungulia, akasema, "Ndimu tena," kisha akaingia jikoni na kukaa peke yake kwa muda. Sisi watoto tulidhani hapendi ndimu. Tulizikamulia kila kitu, na mpaka leo madoa ya kutu kwenye nguo za wateja nayatoa kwa ndimu na chumvi.

Utasema kwa nini nisingempigia simu mjomba wangu. Mnara wa simu wa kile kisiwa ulikuwa umezimika, na mtunza mnara alikuwa amekwenda kutibiwa bara. Kwa nini hakuna mtu mwingine aliyeuwasha, hilo nitalifikia. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nafanywa mjinga.

Boti ilikwenda kisiwani mara moja kwa wiki, Jumatano, na kurudi alasiri ya siku hiyohiyo. Nikapanda na begi dogo la nguo za kubadilisha mara moja, maana hesabu yangu ilikuwa nifike, nimshike mjomba mkono, nigeuze naye. Njiani nilitapika kila nilichokula. Kisiwa kilipojitokeza kilikuwa kama sahani iliyosahauliwa nje, minazi kidogo katikati na mabati yakimetameta pembeni. Nikamwuliza nahodha mbona hapunguzi mwendo. Akaniambia nitulie nione.

Kati ya gati na mwamba mkubwa ulioko mbele yake palikuwa na mkondo wa maji usiokubali boti isimame. Boti ilipita mara moja tu, kwa kasi, na baharia akairusha kamba. Mzee mwembamba mwenye fulana na kofia iliyopauka akaidaka kifuani, akaizungusha kwenye nguzo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Boti ikageuka na kuja kujilaza kwenye matairi ya gati bila kelele. Nikasahau hata kichefuchefu changu. Halafu akaja kwenye ukingo, akawapa mkono abiria mmoja mmoja kuwashusha. Zamu yangu ilipofika aliushika mkono wangu na hakuuachia.

"Una mkono wa dada," akasema.

Nikamwamkia, nikamweleza palepale, magunia ya unga yakiteremshwa pembeni yetu. Akauliza kama dada yake anakula. Nikamwambia anakunywa uji. Akauliza kama anasema. Nikamwambia anasema mno, na amesema safari hii hataki ndimu. Mjomba akacheka, na katikati ya kicheko macho yakajaa maji. Akasema atakwenda. Nikamwambia basi aingie ndani afungashe, boti inaondoka alasiri.

"Si leo," akasema. "Wiki ijayo, nikishapata mtu."

Nikamwuliza mtu gani tena. Akanionyesha nguzo. Asipokuwepo mtu pale, boti haiwezi kufunga. Baharia mmoja zamani alijaribu kuruka na kamba mwenyewe, akabanwa mguu, na hata leo anatembea kwa kuchechemea. Bila mdaka kamba, boti ingepita ikaenda zake visiwa vya mbele, na unga, dawa, na hata yeye mjomba siku ya kurudi, wangeishia bara. Kwa hiyo ni lazima apatikane mtu. Nikatazama huku na huku. Gati lilijaa watu wazima wenye mikono miwili. Nikajisemea hapa pana tatizo gani, wiki ijayo iko karibu, na mama ameapa haingii chumba cha upasuaji bila huyu mzee. Nikirudi peke yangu nitakuwa nimefanya nini? Nikabaki. Alasiri mjomba akaifungua boti, ikaondoka, nami nikaisindikiza kwa macho nikiwa nimeshika kiuno. Siku hizi naiona ile boti ikiondoka hata nikiwa napiga pasi.

Mjomba alikuwa mjane, hana mtoto. Chumba chake kilikuwa mwanzo wa gati, na kitanda amekigeuza ili akilala aione nguzo dirishani. Palikuwa na jiko la mafuta, rafu moja, ndoo ya maji na kamba kuukuu zilizoviringishwa vizuri kuliko nguo za wateja wangu. Alinipa kitanda, yeye akatandika mkeka barazani. Nilipopinga aliniambia nisimchoshe.

Kesho yake akatoka kutafuta mtu, nami nyuma yake. Tukaenda kwa kinyozi. Wakapiga soga juu ya goti la kinyozi, juu ya mvua, juu ya dada anayeumwa. Kinyozi akasikitika sana, akampa pole, tukaaga. Nje nikamwuliza mjomba mbona hakumwomba. Akasema amesikia. Nikamwuliza amesikia nini na yeye hakutamka neno. Akanijibu kwa upole kwamba amesikia dada anaumwa. Ikawa hivyo nyumba hadi nyumba. Anasalimia, anapewa kiti, anaeleza ugonjwa, anapewa pole, anaondoka. Mpaka jioni nilikuwa nimeuma ulimi hadi unauma kweli.

Ijumaa nikamwacha barazani, nikaenda mwenyewe. Nilianza kwa Mama Mikate, mwoka mikate wa kisiwa, mwanamke mwenye mikono minene ya kukanda unga ambaye angeweza kuivuta ile boti peke yake akipenda. Nikamwambia kinagaubaga: Jumatano moja, kamba moja, basi. Akaacha kukanda. Akaniangalia kama nimemtukana mbele ya watoto wake.

"Mimi nishike kamba ya Gati?" akauliza. "Kwani Gati amekufa?"

Kisha akanifungia mikate miwili ya moto nimpelekee mama.

Kinyozi ndiye aliyenifungua macho, akinitengenezea kikombe cha chai kati ya wateja. Kisiwani kwao, kila kazi ina mwenyewe mmoja na haiguswi na mwingine. Mama Mikate alipougua homa, kisiwa kizima kilikaa bila mkate mpaka alipopona. Yeye kinyozi aliposafiri kumzika mkwewe, wanaume walitembea na misitu kichwani. Aliyasimulia haya kwa fahari, nami nikamwuliza kama wana akili timamu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba zamani, kabla hajazaliwa, mwenye kujaza tangi la maji aliumwa, na jirani kwa wema akaenda kumjazia. Yule mgonjwa kitandani akasikia maji yakiingia kwenye tangi. Akageukia ukutani, hakusema na mtu tena, na jioni ile akafa. Watu wakaona wamemuua kwa kumwonyesha kwamba hahitajiki. Tangu hapo walikubaliana bora kiu. Ukichukua kazi ya mtu aliye hai, umemchimbia kaburi.

"Na mwenye kazi akiomba mwenyewe?" nikauliza.

"Ataombaje, dada yangu? Atamwambia mwenzake nichimbie?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjomba hawezi kuwaomba, wao hawawezi kujitolea, na wote walikuwa wanaheshimiana mpaka basi. Na mnara ulioko kilimani ni hivyohivyo. Chumba cha mitambo kimefungwa na funguo ameondoka nazo mtunza mnara, kwa sababu angemwachia nani?

Mwisho wa wiki, chumba cha mjomba kilijaa zawadi za mama. Mikate iliyoanza kukauka, mayai kwenye kikapu, mto wa pamba, mkeka mpya, chupa ya mafuta ya kuchulia miguu. Walikuja mmoja mmoja, wakaulizia hali yake, wengine walimkumbuka akiwa msichana, wakafuta macho, wakaondoka. Kisiwa kizima kilikuwa tayari kumpa mama kila kitu isipokuwa mdogo wake. Niliwachukia na kuwapenda kwa wakati mmoja, jambo ambalo linachosha sana.

Jumapili jioni yakanifika shingoni. Nikamwambia mjomba anifundishe mimi. Akasema mimi ni mgeni. Nikamwambia ndiyo, mimi ni mgeni, adabu zao sizijui na sina haja nazo, na mtu akiona namchimbia mjomba wangu basi aje anisaidie jembe. Akakaa anachezea kofia yake, kisha akaanza kunieleza jambo ambalo mama hakuwahi kutuambia hata siku moja.

Baba yao ndiye aliyekuwa mdaka kamba. Alipokufa, mjomba alikuwa mtoto bado, kwa hiyo aliyeishika kamba ni dada mtu. Msichana mwembamba, gauni limefungwa kiunoni, alidaka boti kwa miaka mpaka mdogo wake alipopata nguvu. Siku anaondoka kwenda kuolewa bara, alimkabidhi palepale kwenye nguzo, na yule kijana alikuwa analia hadharani bila aibu. Dada akamfuta kamasi, akamwambia, "Usiiache hii mpaka nikuite."

"Mimi nimekaa nangoja aniite," mjomba akasema. "Mume wake alipokufa nilidhani ataniita. Hakuniita. Nikatuma ndimu."

Nami nikakumbuka siku ile ya msiba wa baba, mama ametoka mlangoni kila anaposikia hodi, anachungulia barabarani, anarudi ndani. Alikuwa mtu wa kisiwa kilekile. Hakuwahi kumwita ndugu yake kwa sababu alingoja aje mwenyewe. Nikataka kumwambia mjomba hayo, nikashindwa, nikasema tu kwamba sasa amemwita.

"Ndiyo," akasema. "Leo ameniita."

Asubuhi nilipotoka nje, kamba ilikuwa imelazwa mbele ya miguu yangu.

Kamba niliyokuwa naijua mimi ni ya kuanikia nguo. Hii ilikuwa nene kama mkono wa mtoto, nzito kama blanketi lililolowa, na inachubua. Mjomba alisimama mbali na kunirushia. Mwanzoni nilikuwa naikwepa. Akasema nisiidake kwa vidole, vidole vitabaki kwenye kamba. Niiache inipige kifuani, niikumbatie kama mtu aliyerudi safari. Kisha nizungushe mara mbili kwenye nguzo, niegemee nyuma. Nikauliza niegemee vipi. Akasema, "Kaa kama umekatazwa kuondoka." Tulicheka siku hiyo kuliko nilivyocheka mwaka mzima, mimi na mzee ambaye maisha yangu yote nilikuwa namfahamu kwa harufu ya ndimu tu. Jumanne viganja vyangu vya dobi, ambavyo nilidhani haviogopi kitu, vilikuwa vimetoka malengelenge. Nikajikaza kisabuni.

Watu walituona, na walituona kwa kutotuona. Aliyepita aligeuza uso upande wa pili kama vile ametukuta tunaoga. Mama Mikate na kapu lake la mikate alizunguka njia ya nyuma ya tangi, jua lote lile, ili asikatize mbele yetu.

Jumatano ikafika. Mjomba alivaa koti lake la pekee, akanyoa ndevu, akachukua begi, na juu ya begi akaweka gunia la ndimu. Nikamwambia, mjomba, mama amesema hataki ndimu. Akaniuliza kwani anataka aende mikono mitupu. Nikaachana naye. Boti ikaja, kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Kamba ikanipiga sikioni, kilemba changu kikaenda na maji, lakini niliikumbatia, nikazungusha, nikakaa kama niliyekatazwa kuondoka. Boti ikaja upande, ikagonga matairi kwa kishindo, na nahodha akanitukana matusi ambayo sitayarudia hapa. Lakini ilifunga. Nilitaka kupiga vigelegele. Nyuma yangu watu wamejaa, kila mmoja anatazama minazi.

Alasiri nikampa mjomba mkono nikampandisha. Alikanyaga ile boti kwa uoga kama anajifunza kutembea, mtu aliyeipokea maisha yake yote. Nikaifungua. Wakati inaondoka alisimama nyuma, gunia miguuni, akitazama nguzo. Mimi nilimpungia, hakuniona.

Wiki ile nilikaa kwenye chumba cha mjomba kama mwenye nyumba. Nilipanga upya rafu, nikafua mapazia yake, nikalala natazama nguzo dirishani. Watoto walianza kuniita Gati Mdogo, na nakiri nilijisikia. Kinyozi alinikaribisha chai kila siku. Hata Mama Mikate alilegea akaja kukaa barazani, akinisimulia jinsi mama yangu alivyomfundisha kuogelea. Kila siku nilimpigia picha mama kichwani. Sasa mjomba ameingia wodini. Sasa mama anamkaripia kwa zile ndimu. Sasa anapelekwa upasuaji akiwa anacheka. Siku nyingine nilipanda kilimani nikautazama ule mnara uliokufa, nikajipa moyo kwamba kukosa habari ni heri. Nilimhesabia mjomba wiki mbili au tatu huko bara, mpaka dada yake apone, na sikuona shida. Kamba nilikuwa nayo.

Jumatano iliyofuata nilisimama gatini mapema, mikono nimeipaka mafuta. Boti ikatokea nyuma ya mwamba. Mbele kabisa, penye kamba, alisimama mtu mwembamba aliyevaa koti. Nikajiuliza mbona amerudi haraka hivi. Halafu nikaona begani kwake gunia, limejaa, la mviringo vilevile lilivyoondoka.

Baharia alikuwa amesharusha, na kamba haimngoji mtu alie kwanza. Iliniingia kifuani nikaikumbatia. Nikazungusha mara mbili, nikaegemea nyuma kwa uzito wote niliokuwa nao, na boti ikaja kujilaza kwenye matairi taratibu, bila kelele, kama inavyofanya kwa mjomba mwenyewe. Nahodha akanisifu. Hakuna aliyeniambia kitu na nilishajua kila kitu. Nikaenda ukingoni nikawapa mkono abiria, mmoja mmoja, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Yeye alishuka wa mwisho. Nikampa mkono.

"Jumanne," mjomba akasema. "Mimi nimefika Jumatano."

Yaliyobaki alinieleza tumekaa kwenye magunia. Mama alikuwa akiulizia boti tangu Jumatano ya kwanza. Mabaharia waliposema nimebaki huko, alifurahi, akasema basi nitamleta. Jumatatu maumivu yakamzidi. Daktari akamsihi akubali kuingia, mama akasema mdogo wake angojewe kidogo tu, boti iko karibu. Alfajiri ya Jumanne akafa akiwa amegeukia mlangoni. Mdogo wangu aliwazuia watu wasizike mpaka boti ifike, akitegemea tutakuwemo wote wawili. Akashuka mjomba peke yake. Mdogo wangu akamwuliza dada yuko wapi, na mjomba akamjibu ameshika kamba. Wakazika Alhamisi. Mimi siku hiyo ya Alhamisi nilikuwa nafua mapazia.

"Ningepanda ile ya kwanza," mjomba akasema. "Ningepanda tu. Unga ungekosekana wiki moja, wangekula viazi."

Kumwambia si kosa lake ningeweza, watu husema hivyo, lakini angejua nampooza. Na mimi pia niliisindikiza ile boti ya kwanza kwa macho nimeshika kiuno, wakati ningeweza kumsukuma ndani yake kwa nguvu na kuwaachia wenyewe kisiwa chao. Nikamwegemea begani. Koti lilikuwa linanuka ndimu.

Habari ilienea bila mtu kuitangaza. Mpaka alasiri gati lilikuwa limejaa. Walikuja kutupa mkono wa pole, kinyozi na kitambaa bado begani, Mama Mikate na unga mpaka kwenye viwiko. Mimi ilinibidi niondoke na boti ileile nikalione kaburi la mama yangu. Mjomba akanipandisha. Kisha akanyanyua lile gunia, akaliweka miguuni pangu.

"Nilikosa wa kumpa," akasema. "Nenda nalo."

Injini ikawaka. Baharia akakaa tayari kupokea kamba. Mjomba akaenda akasimama mbele ya nguzo, na hapo akaganda. Mikono ilining'inia tu ndani ya mikono ya lile koti. Nahodha akapiga honi, akasubiri, akapiga tena. Mjomba aliitazama ile kamba kama kitu ambacho amekisahau jina. Watu wote wa kisiwa kile walisimama wamemzunguka, na kila mmoja aliangalia chini. Nikajua wangesimama hivyo mpaka usiku uingie, kwa heshima zao.

Mama Mikate akatua kapu chini. Akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda mpaka alipo mjomba, akasimama pembeni yake na siyo mbele.

"Kaka Gati," akasema, "nikufungulie?"

Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Mama Mikate akainama, akatoa mzunguko wa kwanza, akatoa wa pili, akaitupa kamba, baharia akaidaka. Basi. Mimi kukunja shati moja kunanichukua muda zaidi. Mjomba hakuanguka. Alikuwa amesimama palepale, mzima, ndani ya koti lake. Mama Mikate aliangalia viganja vyake, akawageukia wenzake, na nilimsikia juu ya ngurumo ya injini.

"Ilikuwa ni hivi tu?" akauliza. "Jamani, ilikuwa ni hivi tu?"

Kinyozi alijifunika uso kwa kile kitambaa cha wateja. Boti ikaingia kwenye mkondo, mwamba ukapita, na watu wa gatini wakawa wadogo, nikabaki namtambua mjomba peke yake kwa ajili ya koti.

Nikakaa chini, nikalivuta gunia katikati ya miguu, nikalifungua mdomo. Zilikuwa zimekaa muda mrefu kwenye joto, nyingi zimegeuka njano, lakini hakuna iliyooza. Nikachungulia ndani kama alivyokuwa akichungulia mama.

"Ndimu tena," nikasema, kwa sababu sasa wa kusema nilibaki mimi.